Bibi, Mashine na Sanduku Tupu

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika ng'ambo! Jua linawaka lakini halichomi. Ajabu.

Mama na mimi tumekuja na masanduku mawili. Dogo limejaa hadi zipu inalia. Kubwa ni tupu, isipokuwa taulo moja. Nilimwuliza Mama kwa nini tunavuka bahari na sanduku tupu. Alisema mwenye macho haambiwi tazama. Nikatazama. Nikaona taulo.

Watu wote wanadhani nimekuja kwa ajili ya harusi ya binamu yangu, binti mkubwa wa Mjomba. Nimekuja kumchukua Bibi. Bibi amenilea tangu sina meno. Kisha Mjomba akamwita huku aje kupumzika kidogo. Kidogo hicho sasa kina miaka mitatu. Nimeapa kurudi naye nyumbani. Sijamwambia mtu. Mpango ukitajwa huoza.

Kwenye uwanja wa ndege Bibi alikuwa ndani ya koti la Mjomba, mikono imemezwa na mikono ya koti. Nilisahau hata shikamoo, nikamrukia. Ananukia vilevile: sabuni ya kufulia na chaki ya fundi cherehani. Nikataka kulia. Ndipo mtoto mmoja akavuta lile koti na kuuliza kama mimi ndiye yule anayekoroma. Ni binti mdogo wa Mjomba. Kwao humwita Kasuku. Ana miaka tisa na maneno ya watu kumi. Bibi akamwambia, "Mke mwenzangu, msalimie dada yako."

Mke mwenzangu! Cheo hicho ni changu! Bibi hajawahi kumwita mtu mwingine hivyo. Nilimsalimia Kasuku kwa adabu na kumbana mkono zaidi kidogo ya inavyotakiwa.

Nyumbani kwa Mjomba kuna adui wa pili. Bibi anashona gauni la harusi kwenye meza ya chakula, kwa mashine mpya nyeupe. Kule kwetu mimi ndiye macho ya Bibi. Hashoni mshono mpaka nimemtungia uzi kwenye sindano. Mashine hii ina kitufe. Unabonyeza, inajitungia uzi yenyewe! Bibi alinionyesha mara tatu, anacheka kama msichana. Nilipiga makofi. Ndani nilikuwa nafukuta.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa Kwanza: kumtia Bibi hamu ya nyumbani. Nilikuwa nimebeba kastabini yake ya zamani, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni wakati wa kushona kwa mkono. Alikisahau siku aliyoondoka. Nimekitunza kwenye soksi. Nilitarajia akikiona atatokwa na machozi na kuuliza ndege inaondoka lini.

Alicheka mpaka akakohoa. Akakijaribu. Hakikuingia, vidole vimenenepa. Akampa Kasuku. Kikamkaa kama amezaliwa nacho! Kutwa nzima Kasuku amegonga vitu nacho: glasi, mlango, dirisha, kichwa changu.

Jioni, Mpango wa Pili: huruma. Tulikuwa mezani wote: Bibi, Mjomba, Mkaza Mjomba (ndiye mke wake), Bi Harusi, Kasuku, Mama na mimi. Nikasema kwa sauti ya unyonge kwamba nyumba yetu imekuwa gofu tangu Bibi aondoke. Paa linavuja. Mama hali. Mimi nimeporomoka darasani.

Kwa kuwa shajara haidanganywi, niandike ukweli. Paa linavuja mahali pamoja, na ndoo ipo. Mama anakula. Mimi nimetoka nafasi ya pili nikawa wa tatu.

Bibi hakuinuka kufunga mizigo. Mjomba ndiye aliyeweka uma chini. Akasema, taratibu, kama mtu aliyeokota ufunguo alioutafuta siku nyingi, kwamba mama yake hawezi kurudi penye paa linalovuja. Mkaza Mjomba akamwongezea Mama viazi. Halafu akamwongezea tena. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, na hakuuondoa.

Chumbani alisema nimemvua nguo mbele ya kaka yake. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nilimwomba radhi. Akaniuliza nina nini siku hizi. Nikasema ni baridi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wa Tatu: kurekebisha wa Pili. Asubuhi nilimwambia Bibi kwamba jana nilitia chumvi. Paa ni zima kabisa! Mama amenenepa! Nyumba inang'aa! Bibi akanipapasa shavu, akasema amefurahi kusikia tunaendelea vizuri bila yeye.

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Nikakaa kwenye ngazi nikafikiri. Tatizo ni mashine. Ingekuwa haipo, Bibi angetambua kwamba hawezi kukaa mbali na macho yake. Mpango wa Nne ukaja wenyewe: kuchomoa waya wake na kuuficha. Waya uko chini ya meza ya chakula. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Nikaingia mwili wote.

Sijashika waya, mlango ukafunguliwa. Miguu ya Bibi. Miguu ya Mjomba. Bibi akakaa kwenye mashine, gauni likaning'inia mpaka kwangu, lesi tupu kila upande, kama nimo ndani ya wingu.

Mjomba akamwomba Bibi abaki moja kwa moja. Akasema atampa kile chumba chenye dirisha kubwa. Akasema huku kuna hospitali karibu, na wajukuu, na paa lisilovuja. Bibi akasema njia mbili zilimponza fisi. Kwanza harusi, mengine baadaye. Mjomba akasema, "Lakini Mama..." kwa sauti ndogo sana kwa mtu mwenye tumbo lile. Bibi akanyamaza.

Nilitaka sana kusikia ule unyamavu una maana gani. Nikasogea. Goti langu likatua juu ya lesi. Bibi akavuta gauni.

Chwaaa!

Bibi akapiga kelele. Mjomba akapiga kelele. Bi Harusi akashuka mbio akiwa amepaka wanja jicho moja, akaona pindo limechanika, akakaa sakafuni. Mkaza Mjomba akalaumu mashine. Katikati ya vurugu nilitambaa upande wa pili, nikazunguka kupitia jikoni, nikaingia mlangoni nikiuliza kwa mshangao kuna nini.

Kasuku aliyatazama magoti yangu. Yalikuwa na vumbi na uzi mweupe. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema neno. Naogopa.

Alhamisi, 7 Agosti

MASHINE IMESHINDWA!

Lesi ni nyembamba mno. Mashine inaitafuna kama mbuzi. Bibi akaizima, akaifunika, akasema hapa ni mkono tu. Akachukua sindano nyembamba kuliko zote, akaielekeza dirishani, akakunja uso. Uzi ukapita kushoto. Ukapita kulia. Akaita nyumba nzima, "Jamani, macho yangu yako wapi?"

Nilikuwa juu, Kasuku alikuwa jikoni. Tuligongana mlangoni. Kasuku alijaribu kwanza, akaulamba uzi mpaka ukawa kama utambi. Nikaupokea, nikaukata ncha, nikatunga mara moja. Sikujisifu. Nilitabasamu tu, kwa muda mrefu.

Tumeshona siku nzima. Mimi natunga, Bibi anashona, na pale lesi ilipokunjwa ikawa nene, Kasuku anaisukuma sindano kwa kastabini yake. Lazima nikiri inasaidia. Kasuku alisimulia maisha ya kila mwalimu wa shule yake.

Bibi aliniuliza kama kitanda chake bado kiko dirishani. Nikasema kipo. Akauliza kama kuna anayekilalia. Nikasema hakuna, naweka vitabu tu. Akasema basi vitabu vitafutiwe mahali pengine. Bibi amejali vitabu siku zote. Nimeahidi kuvipangusa vumbi. Akauliza kama jogoo wa jirani bado anawika saa zisizo zake. Nikasema amezidi. Akatikisa kichwa, akasema atamkomesha. Sikuelewa atamkomesha vipi kutoka huku, ila sikutaka kumkatisha, maana alikuwa anacheka.

Mwishoni akakata uzi kwa meno na kusema katika nyumba hii kuna panya mkubwa, anavaa soksi za shule. Nikashauri wafuge paka. Akasema ni wazo zuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya harusi! Nina mengi. Mkono utauma.

Jana nilikata tamaa kidogo, kisha nikapata Mpango wa Tano, bora kuliko yote. Mtu akikuta nguo zake zimeshafungwa sandukuni, nusu ya uamuzi umefanyika. Kwa hiyo leo asubuhi, wakati kila mtu anagombea bafu, nilichukua lile sanduku tupu la Mama na kulijaza nguo zote za Bibi. Nilizikunja vizuri sana. Nikaliacha ukumbini alione mwenyewe.

Mjomba ndiye aliyeliona. Akadhani ni zawadi za maharusi. Akalipakia garini.

Bibi akatoka bafuni na taulo. Kabati tupu! Mkaza Mjomba akapiga yowe kwamba wameingia wezi. Mama akauliza wezi gani wa kuiba sketi za bibi kizee na kuacha televisheni. Kasuku akahesabu wanasesere wake kwanza. Gauni la Bibi la harusi lilikuwa humo sandukuni, na muda unakwenda, na nikaona sina budi. Nikanyoosha kidole kuelekea kwenye gari.

Sanduku likarudishwa, likafunguliwa mbele ya wote. Nguo za Bibi, zimepangwa kwa safari. Mjomba akamtazama Bibi, akauliza, "Mama, unaondoka?"

Nikafungua kinywa kusema ni mimi. Bibi akanitangulia. Akasimama na taulo lake, wima kama askari, akasema ndiyo. Alikuwa ameamua tangu mwaka jana! Tiketi ipo. Yeye ndiye aliyemwagiza Mama aje na sanduku tupu. Alitaka kusema baada ya harusi, ili mwanawe asiile keki ya bintiye na machozi. Amepumzika vya kutosha, alisema, sasa amechoka kupumzika.

Tangu mwaka jana! Nilimtazama Mama. Mama alitazama lile taulo letu la safari lililobaki sandukuni, kama vile ndilo lenye makosa.

Mjomba akatoka nje, akaketi garini, akafunga mlango. Bi Harusi akamfuata na shela yake kichwani, akagonga kioo: "Baba, niozeshe kwanza, ulie baadaye!" Hakufungua. Ndipo Bibi akavaa lile koti kubwa juu ya taulo, akaenda kuketi kando yake. Sijui walisema nini. Walirudi macho mekundu wote wawili, Mjomba amebeba mkoba wa Bibi. Akatangaza kwamba likizo ya Desemba atakuja kwetu na familia yake yote, aliezeke lile paa kwa mikono yake mwenyewe.

Harusi ilifana. Bi Harusi alipita katikati ya ukumbi, na pale pindo lilipochanika ndipo pazuri kuliko pengine pote, ukijua pa kutazama. Bibi aliniinamia sikioni. "Mke mwenzangu, ungeniuliza tu, ningekuambia."

Mke mwenzangu! Hayo mengine nitayafikiria baadaye.

Nilimtafuta Kasuku ili nimringie. Nikamkuta nyuma ya viti vilivyopangwa, analia, kastabini kidoleni. Maneno ya kuringa yakanikwama. Nikakaa chini. Nikamwambia kastabini ni yake kabisa, na kwamba kitanda cha Bibi kinatosha watu wawili, akija Desemba. Akapenga kamasi. Akasema alijua kuhusu magoti yangu. Hakunisema kwa sababu alitumaini gauni likiharibika, harusi itaahirishwa, na Bibi atabaki zaidi.

Mtoto huyu ana kichwa! Tukaenda kula keki.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumbani. Bibi amelala kitandani pake dirishani. Anakoroma. Vitabu vyangu viko chini. Jogoo wa jirani amewika mara mbili, na mara zote mbili Bibi amemjibu.

Nimeketi kutathmini. Mpango wa Kwanza umempatia Kasuku kastabini. Wa Pili umetupatia paa. Wa Nne umetengeneza pindo zuri. Wa Tano umemleta Bibi nyumbani. Ule wa Tatu siukumbuki vizuri. Kwa jumla nimefaulu, na mwalimu yeyote mwenye haki angenipa alama za juu.

Limebaki jambo moja dogo. Tulipofungua sanduku kubwa, chini kabisa, chini ya sketi zote, ilikuwamo ile mashine nyeupe. Zawadi ya Mjomba! Moyo ukaniruka. Kisha nikaona plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Nilicheza jikoni peke yangu.

Nimecheza mapema. Bibi amekwisha mpigia simu fundi umeme wa mtaa wa nyuma. Anakuja kesho asubuhi kuibadilisha.

Ningeweza kumwuliza Bibi kama, hata mashine ikiwaka, bado atataka nimtungie uzi. Alisema niulize tu. Ni ushauri mzuri na nimeuandika hapa nisiusahau. Nitaufuata siku ambayo sitakuwa na mpango.

Kesho nitaamka mapema, nimsubiri fundi getini, na kumwambia kwamba amekosea nyumba. Sioni mahali pa kuharibikia.