Winda Kando ya Kichwa Changu

Jumatatu, 5 Februari 1560. Huexotzinco.
Mchoraji wa daftari la kuhesabu watu, Mzee Toribio, kafika mtaani. Kila mwenye nyumba anachorwa kichwa, na kando yake picha ya jina lake. Jirani yangu Pedro Tilma, kwa kuwa tilma ni joho, kapata joho, fundo begani, pindo la kupendeza. Sasa anatembea kama gavana. Na mimi? Diego Maxtla, na maxtla ni winda! Wajukuu wafungue karatasi waone nguo ya ndani inaning'inia kisogoni kwangu? Sikubali. Mke wangu, Ana, anasema jina ni la marehemu baba, niliache. Hajui mambo.

Jumatano, 7 Februari.
Nimempelekea Mzee Toribio tamale, vifurushi vya unga wa mahindi na nyama ya bata mzinga, zile Ana alizompikia dada yake. Nikamnong'oneza kwamba mimi pia ni Tilma. Kanitazama sana. Kala zote. Kachora joho. Nikaomba pindo pana kuliko la Pedro. Kaongeza. Nimerudi napiga mluzi.

Ijumaa, 9 Februari.
Balaa. Mzee Toribio alipita nyumbani kuhakiki, mimi shambani. Akamuuliza Ana, Maxtla yuko wapi? Ana, bado na hasira za tamale, akajibu kwamba kwa habari alizonazo, Maxtla hayupo tena. Basi Ana kachorwa mjane. Machozi shavuni! Jioni Pedro kaja na bakuli la maharage, uso wa msiba.
“Pole, shemeji,” akamwambia Ana, mimi nimekaa pale pale. “Marehemu alikuwa mtu wa watu.”
Ana kapokea maharage. Kashukuru kwa heshima zote.

Jumapili, 11 Februari.
Baada ya misa nimemwangukia Mzee Toribio. Kaniuliza mimi ni nani hasa. Nikasema Maxtla, mwana wa Maxtla. Akakwangua joho taratibu.
“Baba yako nilimchora mimi,” akasema. “Alisimama hapo hapo, akaniambia nisikosee fundo la winda lake.”
Kachora winda refu, ncha zake mbili zimelala vizuri. Nimelitazama mpaka macho yakaniwasha. Moshi wa ubani, nadhani. Machozi ya Ana nayo yamefutwa. Nyumbani Ana kacheka, kanipakulia maharage yangu ya matanga. Matamu.

Jumatatu, 12 Februari.
Nimetulia. Sitaki makuu tena. Ila kanisani wanachora watakatifu ukutani, na mmoja bado hana uso. Kesho nampelekea fundi kakao.