Vizibo Shingoni mwa Kwaya

Jumatatu, 6 Oktoba

"Kizibo kina kazi mbili: kuziba chupa na kuchezea drafti. Kukivaa shingoni ni uchafu."

Maneno ya Wilbard, leo mchana, kwenye benchi la drafti hapa Mpemba, mbele ya watu. Wilbard anauza mikufu ya plastiki anayoitoa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Mtu wa namna hiyo anajua nini kuhusu urembo? Nilimjibu kwamba dhahabu ya machimbo ya Saza nayo huanza ikiwa ndani ya tope, na tope halijawahi kumzuia mtu kuvaa pete. Akasema sawa, msomi, basi anza na mkeo. Benchi zima likacheka.

Nitaanza na mke wangu. Nitamaliza na kwaya nzima.

Nimeshatangaza. Jumapili kwaya ya akina mama inaimba kwenye kongamano kule Itaka, na mwenyekiti wake ni mke wangu, Restuta. Walikuwa wamechagua mikufu ya Wilbard. Nikasimama kwenye kikao chao, ambacho sikualikwa, nikahutubia juu ya kujitegemea mpaka wakakubali mikufu yangu ya vizibo ili waende nyumbani kupika. Njiani Restuta akaniambia taratibu: Baba Eva, baada ya kongamano kuna uchaguzi. Ukiniaibisha, uenyekiti umekwenda, na anauchukua Ferista.

Ferista! Mwanamke anayeanza kila wimbo juu mno, mahali ambapo sauti yake mwenyewe haifiki. Haiwezekani.

Jumanne, 7 Oktoba

Kikwazo kidogo. Soda siku hizi iko kwenye chupa za plastiki, na vifuniko vyake ni plastiki. Vizibo vya bati karibu vyote ni vya bia. Nimezunguka baa za karibu na maegesho ya malori. Mhudumu mmoja, Marta, amenijazia kiroba, akauliza kama kwaya sasa inalewa kwa pamoja. Nikamweleza kwamba bati halina dini. Mlangoni, kiroba begani, nikakutana na mzee wa kanisa, Alinanuswe. Akasema ataniombea. Nikamwambia aombee viwanda vya nchi hii.

Chapa za bia zitafichwa na rangi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kuponda kwa nyundo, kutoboa kwa msumari, kutunga kwenye uzi wa kushonea viatu. Kidole gumba kimevimba. Kila harakati ina majeruhi wake.

Rangi ya mafuta inachelewa kukauka. Nimetumia ile ya maji, ya bluu, iliyobaki tulipopaka sebule. Ilikuwa nzito, nikaizimua. Restuta akachungulia ndoo, akauliza kama itahimili jasho. Nikamjibu kwamba ukuta wa sebule haujawahi kulalamika. Akasema ukuta hauchezi. Hiyo si hoja.

Binti yetu Eva, anayeolewa Desemba, kajaribu mkufu mmoja na kuuvua upesi. Kwa heshima, nadhani.

Jumapili, 12 Oktoba

Itaka. Jua la Oktoba, sare nyeupe, mikufu ya bluu. Machozi yalinilengalenga. Wilbard alikuja akakaa mbele kabisa, ili aaibike kwa karibu.

Wimbo wa kwanza, salama. Wa pili una kucheza. Jasho likaanza. Bluu ikashuka kwenye kola, kisha kifuani, na vizibo vikabaki uchi na chapa zake, vikimtazama mchungaji. Mzee Alinanuswe akavaa miwani. Mtoto mmoja akaanza kusoma majina ya bia kwa sauti, na bila kusita kwenye herufi ngumu. Wilbard akauliza kama sadaka ya leo ni kreti. Ferista akanyamaza, akasogea pembeni kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Restuta hakunyamaza. Akainama bila kupoteza sauti, akavua mkufu, akaufunga mguuni, juu ya kifundo. Akapiga mguu chini. Vizibo vikalia kama njuga. Mwenzake wa kulia akafanya vilevile, kisha mstari wote. Njuga ni za mguuni tangu enzi za bibi zetu, na hakuna asomaye chapa kwenye mguu unaocheza. Akina mama wa Itaka wakainuka kwa vigelegele. Mchungaji akapiga makofi, nje ya mdundo.

Uchaguzi: Restuta kapita bila kupingwa. Ferista alikuwa bado bombani anasugua kola.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ushindi wangu umekamilika. Restuta kasema vizibo vitabaki miguuni, mikufu ya shingoni itatoka kwa Wilbard, na mimi nisiguse hivyo wala hiyo. Ndiyo namna yake ya kushukuru. Naye Wilbard kakiri benchini, mbele ya watu, kwamba kizibo kina kazi tatu. Wiki iliyopita zilikuwa mbili. Hivyo ndivyo hoja inavyoshinda.

Rangi haikuwa na kosa. Kosa ni la jasho, na jasho halikuwa langu. Changu ni kidole kilichovimba tu.

Kwa hiyo, enyi wahudumu wa baa zote kuanzia Mpemba hadi mpakani: msitupe kizibo hata kimoja. Na wewe Eva, mwanangu, mwambie mchumba wako asinunue pete. Rangi bado ipo nusu ndoo.