Mafungu ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 9

Siku mbaya. Nimetamka ishirini na tatu, darasa zima limeandika 203. Watoto thelathini na wawili. Wamesikia ishirini, wameandika 20. Wamesikia tatu, wameibandika 3 pembeni. Na nyuso zao zina amani kabisa.

Saa ya chai mwalimu mkuu katuita, mimi na mwalimu jirani wa chumba cha pili. Ijumaa mkaguzi anakuja kuona tunavyofundisha makumi na mamoja. Baada ya hapo mmoja wetu atabaki na darasa la pili, mwingine atapewa michezo. Michezo ni filimbi, jua na kukimbia. Magoti yangu yalisikia habari hiyo kabla ya masikio. Ila shida si magoti peke yake. Nawapenda hawa watoto, na 203 zao.

Jirani ana abakasi mpya ya kuhesabia, yenye shanga za rangi. Anaibeba koridoni kama mtoto mchanga. Mimi nina chaki.

Jumanne, tarehe 10

Nimepata wazo! Kabatini kwetu kumebaki maboksi ya mirija ya kunywea tangu harusi ya shemeji. Mirija kumi ikifungwa pamoja ni kumi moja. Mrija mmoja ni moja. Mtoto anashika ishirini na tatu kwa mikono yake: mafungu mawili, mirija mitatu. Abakasi itajificha.

Kazi ya kufunga nimempa mama mkwe, anayekaa nasi. Aliuza vifungo vya nguo kwa miaka thelathini na hapendi kukaa bure. Nimemwomba afunge mafungu. Idadi sikutaja, mtu mzima hafundishwi kuhesabu. Kasema nisiwe na wasiwasi, kazi hiyo anaiweza akiwa amefumba macho. Kabla ya saa kumi na moja jioni nimepata mafungu thelathini, kila moja na fundo dogo safi. Sikuyahesabu. Nimemsifu mbele ya mke wangu, na mke wangu kanisifu kwa kumsifu mama yake. Siku imelipa.

Jumatano, tarehe 11

Yamenyooka. Nimetamka ishirini na tatu, wakainua kwa makundi mafungu mawili na mirija mitatu, kisha wakaandika 20 + 3, kisha 23. Hakuna 203 hata moja. Mtoto mmoja alicheka peke yake alipoelewa. Kwa kicheko kile naweza kufundisha miaka mingine ishirini.

Tatizo ni Fungua. Nimempa mtoto huyu jina hilo kwa sababu hawezi kuona fungu bila kulifungua. Kafungua mawili, kahesabu pamoja na ile mitatu, kasema yeye kapata ishirini na saba. Nikamwambia kwa upole ahesabu tena. Akapata ishirini na saba. Hesabu tena. Ishirini na saba. Masikini, kuhesabu kwenyewe bado kunamshinda. Nikamwambia arudishe mafundo ya bibi jinsi yalivyokuwa.

Alhamisi, tarehe 12

Fungua tena. Kasema kila fungu lina kumi na mbili. Nimemwambia hesabu tena mara tano, nimezihesabu. Mara zote kumi na mbili, na hakasiriki, ndilo linaloniumiza.

Mkaguzi akimsikia, nimekwisha. Kwa hiyo nimembunia cheo: Msimamizi wa Penseli. Kesho atakaa nyuma ya kabati akichonga penseli za darasa zima. Kafurahi sana. Nimeona haya kidogo, nimekunywa maji.

Jirani kachungulia dirishani, akauliza kama tunafungua mgahawa. Nikafunga dirisha.

Ijumaa, tarehe 13

Mkaguzi kakaa kwenye kiti kidogo, magoti yamefika kidevuni. Kaomba thelathini na nne. Watoto wakaweka mafungu matatu na mirija minne. Safi kabisa. Mwalimu mkuu akatabasamu mlangoni. Kisha mkaguzi, sijui kwa nini watu wako hivi, akafungua fungu moja. Akahesabu. Akahesabu tena. Akaniuliza kumi yangu ina ngapi.

Ndipo nilipokumbuka vifungo vya nguo vinauzwa kwa dazani. Miaka thelathini ya dazani. Vidole vya mama mkwe havijui fungu jingine.

Nilikuwa nimeshaanza kuisikia filimbi shingoni. Fungua akatoka nyuma ya kabati, vumbi la penseli mpaka puani. Akasema hiyo si thelathini na nne. Akatoa miwili miwili katika kila fungu, ikawa sita. Akaiunganisha na ile minne, ikawa kumi. Akaifunga kwa uzi. Mafungu manne, hakuna mrija uliobaki. Akasema ni arobaini.

Mkaguzi akamuuliza nani kamfundisha kukagua hivyo. Akaninyooshea kidole, akasema ni mwalimu, kila siku anamwambia ahesabu tena.

Nililia. Nilisema ni vumbi la penseli, lakini nililia. Mkaguzi kaandika kuwa niliweka kosa makusudi ili watoto wajifunze kuhakiki, na kwamba mbinu hiyo isambazwe. Sikuweza kumkatisha mgeni. Nabaki na darasa la pili. Jirani kapewa filimbi.

Jumamosi, tarehe 14

Nimelala vizuri. Nikifikiria kwa utulivu, kweli mbinu ilikuwa yangu.

Wiki ijayo ni mamia. Mama mkwe kaniuliza kama mafungu yake yalifaa, nikamwambia yametuokoa, maana sikutaka kumuumiza. Kafurahi, kaomba kazi nyingine. Nimempa mirija yote iliyobaki, afunge mafungu makubwa. Idadi sikutaja. Baada ya sifa zile ningemvunjia heshima.

Fungua nimempandisha cheo. Jumatatu atakaa mbele kabisa, kiti cha kwanza, karibu na meza yangu. Nitamwomba jambo moja tu: haya ya mia asiyafungue, tutachelewa.