Tabaruku kwa Shangazi

3 Machi, Jumatatu
Nimepata dawa ya uvivu: aibu! Shangazi aliyenilea anahamia kwa bintiye Jumapili, mbali huko. Nimemwambia riwaya yangu imekwisha, Jumamosi nitamsomea. Haijaanza. Lakini sasa nitaandika nipende nisipende. Shangazi kapiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

5 Machi, Jumatano
Sijaandika. Mwandishi bila picha ni mwandishi gani? Nimekwenda studio. Mpiga picha kaniambia nishike kidevu. Mke wangu kuiona picha, akauliza kama jino linaniuma. Na kaka yake, shemeji kinyozi, eti naye anaandika! Ukurasa mmoja kila asubuhi, kwenye kiti cha wateja, kabla hajafungua. Nimemcheka mpaka mbavu zikauma. Kipaji hakiendi kwa ratiba.

7 Machi, Ijumaa
Nimeandika! Tabaruku: kwa Shangazi, aliyejinyima ili mimi nisome. Machozi yakanilenga. Baada ya kazi nzito hiyo nikajinyoosha kidogo. Kushtuka, kumekucha.

8 Machi, Jumamosi
Ole wangu. Shangazi kaalika majirani, kavaa gauni la harusi ya bintiye. Nikasoma tabaruku. Taratibu. Nikairudia. Akajifuta macho, akasema haya baba, endelea. Nikakohoa. Nikasingizia koo. Shemeji, kwa kiherehere chake, akatoa kurasa zake akasoma yeye. Watu wakacheka, wakanyamaza, wakacheka tena. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Baadaye Shangazi akanivuta pembeni. Akasema ya shemeji ni nzuri, ila yeye alikuwa akisubiri yangu.

9 Machi, Jumapili
Nimembebea sanduku hadi kituoni. Heri angenigombeza. Kanishika mkono tu, akasema nikimaliza nisimsahau. Nikimaliza! Kumbe alijua. Picha nilikuwa nayo mfukoni, nilitaka kumpa, nikaona haya. Basi likaondoka. Ningempa hata ukurasa mmoja, jamani. Mmoja tu.

10 Machi, Jumatatu
Kazini nimelia nyuma ya makabati. Jioni nikampigia Shangazi ili niseme ukweli. Kusikia sauti yake, nikalegea. Nimemwambia riwaya imekwisha, safari hii kweli, na mwisho wa mwezi nakwenda kumsomea. Akapiga kigelegele kimoja, kidogo.
Sasa nitaandika nipende nisipende! Kesho asubuhi narudi studio. Ile picha kweli inaonyesha mtu anayeumwa jino.