Soksi ya Usufi pale Ngarambe

Mheshimiwa Diwani, waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Mapokezi ya Angani ambayo mwenyekiti wake ni mimi Abdulkarimu, nawe Sheikh wetu wa kata, wazee wetu wa busara na wa umri tu, akina mama mliokalia majani, na ninyi wengine ambao itifaki haijawataja lakini jua linawaona: asalaam aleikum! (Wanaitikia wachache, wengi wanatazama angani.)

Leo tunawakumbuka mababu zetu wa vita vya Maji Maji, ambao hapa hapa Ngarambe waliambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji, nao wakaamini bila kudai upembuzi yakinifu. Sisi wa zama hizi hatuamini mpaka tuone ripoti, na ripoti ya uwanja wetu wa ndege, niliyoiandika, nikaipitia na kuipitisha mimi mwenyewe, inasema uwanja ni salama. (Makofi kutoka jukwaani.)

Najua maneno yenu. Mnasema ndege tatu ndogo za watu binafsi zimeanguka hapa tangu mfungo uliopita. Hazikuanguka, zilitua kwa msisitizo. Kitakwimu, asilimia mia moja ya abiria walishuka, asilimia sitini na sita nukta sita walishuka kwa miguu yao wenyewe, na yule rubani aliyevunjika kiuno ametuachia magurudumu mawili ambayo kijiji kimeyafunga kwenye mkokoteni, jambo ambalo sisi wataalamu tunaliita teknoloji transfa. (Kicheko. Mwenyekiti anakidhania ni cha furaha.)

Wapo pia wanaoisingizia soksi yetu ya upepo, lile fuko la kitambaa juu ya mlingoti, ambalo rubani hulitazama ajue upepo unaelekea wapi, ili atue akiukabili. Tuliletewa soksi tupu, imenywea. Nikauliza, wageni wapigwe picha na kitu kilicholegea? Ndipo nikamwagiza Bi Mwamvua, fundi wetu wa magodoro, aijaze usufi na kuikaza kwa waya, na tangu hapo, masika na kiangazi, imesimama imara ikilielekea jukwaa kuu kwa heshima. (Bi Mwamvua anainuka: "Nilikwambia, baba! Upepo leo watoka huko huko jukwaani! Rubani atakuja nao mgongoni, ajibamize kama wale!")

Kaa chini, mama, maswali yana wakati wake. (Mlio wa injini.) Naam, ndege ya nne hiyo, inatuletea dawa na muuguzi wetu Zena, binti yake huyu huyu Bi Mwamvua, ili mjue kamati haina upendeleo. ("Mwanangu yumo humo! Ishusheni hiyo soksi!" Watu wanasimama.) Alama ya kamati haishushwi bila kikao, kikao hakiitwi bila akidi, na akidi iko hapa inakunywa soda. Mzee Sadallah, mjumbe wangu, rudi kitini! Bi Mwamvua, huo mkasi ni wa nini? Mlinzi! Mlinzi, mbona wewe ndiye unayemshikia ngazi?

(Waya unakatwa, soksi inapasuliwa mkiani. Usufi unamwagika, wingu jeupe linalipa jukwaa mgongo na kukimbilia mtoni. Kitambaa kilichobaki tupu kinageuka, kinajaa upepo, kinaelekea huko huko. Ndege, iliyokwisha kukaribia majani, inanguruma, inapanda tena, inazunguka.)

Waandishi, andikeni kwamba ndege inazunguka kwa maelekezo yangu. (Inatua taratibu kutoka upande wa mtoni. Zena anashuka na sanduku la dawa. Vigelegele.) Hilo ndilo tunaloliita matokeo! Kamati, juu! Nimesema, kamati, juu! (Sauti moja: "Bi Mwamvua, chini! Shuka polepole mama, ngazi mbovu hiyo!")

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Bi Mwamvua, si kwa fujo ya leo, ambayo itajadiliwa, bali kwa kutuazima shamba lake hili la ufuta kwa miaka minne, kwa kuwa uwanja wenyewe, ule wa kwenye ripoti, bado hatujakubaliana ujengwe wapi. Ahsanteni sana.

(Bi Mwamvua, usufi umemjaa kichwani, mkono wa bintiye mkononi: "Ahsante nawe, baba. Basi kesho asubuhi nalima, na jembe langu linaanzia hapo uliposimama.")