Mbegu za Popi Ndani ya Ndevu Zangu

Leo nimevunwa.

Sijakosea kuandika. Nimevunwa mimi mwenyewe, Mzee Makokha wa Navakholo, nikiwa nimesimama juu ya kitambaa cheupe kama maharagwe ya kupurwa. Na aliyesimamia mavuno ni mkwe wangu.

Ngoja nieleze mwenyewe kabla mtu mwingine hajaeleza vibaya. (Walipiga picha. Niliwaona.)

Mnanijua. Shule niliiacha darasa la tatu, nikakata miwa kule Musanda, nikajifunza kuweka jiwe juu ya jiwe, na leo ukipita kwetu ukaona nyumba ya mawe iliyosimama wima, uliza nani aliijenga. Sibembelezi mtu. Mambo ya maua nilikuwanga nawaachia akina mama. Ua haliliwi, halikamuliwi, halizuii mvua. Sasa la nini?

Lakini mke wangu, Mama Rose, magoti yamemshika tangu mvua iliyopita. Shambani haendi tena. Anashinda barazani akiangalia njia ya kuingia kwetu, na njia yenyewe ni murram, changarawe nyekundu tupu, na vichuguu vya fuko. Yeye yuko kwa kikundi kimoja cha simu cha watu wanaobadilishana mbegu za maua. Juzi akanionyesha picha ya ua jekundu, jembamba, majani yake kama karatasi iliyokunjwakunjwa ikanyooshwa tena. Linaitwa popi. (Si ile ya madawa. Niliuliza kwanza. Mimi ni mzee wa kanisa.) Akasema angepata hiyo popi ipandwe kutoka barazani mpaka barabarani, angekuwa na kitu cha kuangalia.

Basi. Hakusema zaidi. Huyu mwanamke alinibebea mchanga kichwani wakati sina hata toroli, na tangu siku hizo sijamsikia akiomba kitu. Nikamwambia nitaenda mimi mwenyewe kuileta.

Akanieleza kwamba watu wa kikundi wanakutana leo Amalemba, mjini Kakamega, nyumbani kwa Mwalimu Ayuma, mwalimu mstaafu. Unapeleka mbegu zako, unarudi na za wenzako. Hasa wanapenda maua yanayojiotea mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya. "Peleka kidogo tu," akasema.

Kidogo! Mtu wa jina langu aende kwa watu na kidogo?

Nikashuka kwa mtaro, kule kuna yale maua ya kana yenye majani mapana kama ya ndizi, nikakusanya mbegu zake, zile nyeusi ngumu kama risasi. Nikajaza gorogoro, ule mkebe tunaopimia mahindi sokoni, na juu nikaweka kilima, kama muuzaji mwenye roho safi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: gorogoro inaenda, gorogoro inarudi. Nikabeba na gunia tupu la kubebea popi.

(Hilo gunia mlikumbuke. Mimi natamani kulisahau.)

Asubuhi kulikuwa na baridi, kwa hivyo nilivaa sweta yangu nzito ya sufu, ile ya kanisani, nikachana ndevu, nikapanda pikipiki ya boda. Nilifika kwa Mwalimu nikakuta watu wamezunguka meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe, kila mmoja na vikaratasi vidogo mkononi, wanaongea kwa sauti ya chini kama watu walioenda kumwona mtoto mchanga. Nikatua gorogoro yangu katikati ya meza. Meza ikalia. Wote wakageuka.

Mwalimu Ayuma akachungulia ndani ya mkebe. "Mzee, hizi ni za kupanda au za kutia kwa kayamba?"

Nikamwambia ni za kupanda, wachukue, wajaze mifuko. Wakachukua kwa heshima. Mmoja alichukua tatu. Mwingine akaniambia kwa upole kwamba kwake pia kuna mtaro. Kile kilima hakikushuka hata kidogo.

Nilitaka kukasirika, lakini nikaanza kuangalia vitu vyao, na hapo ndipo ukali uliniisha. Jameni, mimi nimepanda mahindi na maharagwe tangu nizaliwe, nikidhani mbegu ni mbegu. Pale mezani kulikuwa na mbegu zilizojikunja kama kiwavi ukimgusa. Kulikuwa na nyingine nyembamba kama sindano. Kulikuwa na zenye manyoya ya kuruka nayo, na nyingine nyeusi zinang'aa kama macho ya panya. Mama mmoja akaniwekea ile ya manyoya kwenye kiganja, akaniambia nisipumue. Nikasimama pale na kiganja mbele, sipumui, mzee mzima. Nani hukaa chini akatengeneza hivi vitu, kila kimoja na namna yake, halafu asituambie?

Mwisho wa meza nikaona popi. Zilikuwa kwa kisahani: vichwa vikavu, kila kimoja kama ncha ya kidole, vimefungwa pamoja na uzi mwekundu. Nikauliza mwenyewe ni nani. Mwalimu akasema ni mama aliyetoka Lugari asubuhi, yuko jikoni anasaidia chai. Akaniomba nivishike polepole. Mvua ya mawe iliangukia shamba la huyo mama, na hivyo vichwa ndivyo tu vilivyopona. Popi nyingine hapa kwetu hawajui itoke wapi. Wangegawana baada ya chai.

Halafu akaitwa upande ule mwingine, akaniacha navyo.

Nikainua kimoja mpaka karibu na jicho. Mniamini au msiniamini, ile kitu ni nyumba. Ina ukuta wa mviringo. Ina paa la bapa lenye mistari kama mbao za kenchi zilizopangwa na fundi mwenye akili. Paa limetokeza nje kidogo, na chini ya ule ukingo, kuzunguka kote, kuna madirisha. Madogo, yamepangwa sawasawa, hakuna moja lililokwenda kombo. Mvua haiingii. Upepo unapita. Mimi nimegombana na watu wenye digrii juu ya dirisha la kupitisha hewa wakakataa, na hapa kuna ua lililojua.

Nikatikisa karibu na sikio. Ndani kukalia kama mchanga. Nikainamisha juu ya kiganja, na kwenye yale madirisha kukatoka vumbi la kijivu.

Roho yangu ikaanguka. Mkulima yeyote wa mahindi anajua vumbi likitoka kwa kitu kikavu maana yake nini. Fukusi! Yule mdudu anatoboa punje, anakula ndani, anakuachia ganda na mavi yake. Amenimalizia ghala si mara moja. Nikasema kwa sauti, watu wajue, "Mwenye hizi ametuletea nyumba ya fukusi."

Mama wa manyoya akageuka akanitazama. Mimi nikaona hapa hakuna wakati wa kupoteza. Zile mbegu chache zilizopona zisafishwe haraka mdudu asiendelee, nami Mama Rose nimpelekee kitu. Nikavunja uzi. Nikagonga vichwa vyote kwa ukucha, kimoja kimoja, vumbi likajaa kiganjani. Nikavuta pumzi ya mtu aliyewahi kupuliza jiko la kuni zenye maji, nikapuliza.

Upepo wa Kakamega ulikuwa umelala tangu asubuhi. Ukaamka saa hiyohiyo, ukanirudishia kila kitu kifuani.

Nikapangusa macho. Nikachungulia ndani ya vichwa kutafuta mbegu. Hamna. Nikapasua kimoja. Hamna. Nikawainulia wote waone. "Mnaona? Ndani hakuna kitu. Huyu mama amewadanganya, na mkimwacha atawapa chai pia ya hewa."

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, taratibu sana, "Hilo vumbi ndilo lilikuwa mbegu."

Nikageuka. Alikuwa ameshika birika. Alikuwa Mama Eunice.

Kwa wasiojua, Eunice ndiye mke wa kijana wangu mkubwa. Huyu ni mama yake mzazi. Kwetu mkwe wa namna hiyo humshiki mkono, humkaribii, humtazami machoni, na mambo ya kuvua nguo mbele yake hata kuyataja ni aibu. Mara ya mwisho tulikutana siku ya kupeleka posa, mimi nikasimama mbele ya ukoo wao wote nikasema sisi ni familia ya watu wa maneno machache.

Aliponitambua aligeuka haraka akaelekea ukuta, leso akaivuta mpaka usoni. Mimi nikaangalia nyasi.

Halafu akaongea na ukuta. "Mwalimu, mwambie mkwe asisogee."

Mwalimu akasimama katikati yetu. "Mzee, mkwe anasema usisogee."

"Mwambie asijipanguse. Asikohoe. Hapo aliposimama ndipo shamba langu lote lilipo."

Ndipo nikajitazama. Sweta yote, kuanzia shingoni mpaka tumboni, ilikuwa imenyunyiziwa kijivu, na kila uzi wa sufu umeshika chake. Ndevu sikuweza kuziona, lakini niliona nyuso za waliokuwa wanaziona.

Wakaondoa vitu mezani, wakatandika kile kitambaa kwenye nyasi, nikaamriwa nipande juu yake bila kuinua miguu sana. Mkwe, macho ukutani, akasema mwambie mkwe avue sweta polepole, akianzia chini. Ndani nilikuwa na fulana. Fulana ilikuwa na tundu. (Tundu si kubwa, lakini lipo mahali pabaya.) Nikavua. Wakaitikisa ile sweta watu wawili, kila mmoja na ncha yake, kwa adabu, kama wanaokunja bendera.

Halafu Mwalimu Ayuma akatoa kitana chenye meno membamba kwa mkoba wake.

"Mwambie mkwe ainame," ukuta ukasema. Nikainama. Mwalimu akanichana ndevu, mstari kwa mstari, na kila akipitisha kitana nasikia tsk, tsk, kama mvua ya kwanza kwa mabati. "Nyusi pia." Nikachanwa nyusi. "Masikio asisahau." Masikio! Mimi nina wajukuu!

Pua ikaanza kuwasha. Nikajaribu kuvumilia, uso ukajikunja, na sijui alijuaje, kwa sababu naapa hakugeuka, mkwe akasema, "Mwambie ashike pua." Nikashika pua. Nikasimama hivyo, fulana ya tundu, pua mkononi, na huko nyuma simu ya mtu ikalia kachaa.

Nikaona niseme neno. Kwa sauti ya pua nikasema, "Mwalimu, mwambie mkwe anisamehe."

Mwalimu akafikisha. Ukuta haukujibu. Nikachungulia kidogo nikaona mabega ya Mama Eunice yanatetemeka. Nikajua nimemliza, nimeharibu ndoa ya kijana wangu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mwambie mkwe," akasema alipopata pumzi, "mimi nilidhani ni mtu wa maneno machache."

Hapo wote wakalipuka. Hata mimi, na pua yangu mkononi.

Walipokunja kitambaa, mbegu zote zikakusanyika katikati: kijivu kidogo, kama chumvi ya kutia kwa yai moja. Shamba zima la mama wa Lugari. Wakagawana kwa ncha ya kisu. Zamu yangu ilipofika nikakataa, nikasema mimi sistahili. Mama Eunice akauliza, kupitia kwa Mwalimu, nilikuwa nazitaka za nini. Nikaeleza. Magoti. Baraza. Ile njia ya murram. Sikueleza vizuri, maana mambo hayo sina mazoea ya kuyaongea.

Halafu akakunja karatasi mwenyewe, akaipitisha kwa Mwalimu. "Mwambie mkwe asizifukie kama mahindi. Azichanganye na mchanga mkavu, azimwage juu ya udongo uliolainishwa, mvua itamaliza. Na mwambie hilo gunia si lazima."

Nyumbani nilimkuta Mama Rose barazani. Akafungua ile karatasi akiwa ameshikilia pumzi. Nikamwambia pole, ni kidogo, halafu nikamweleza yote, fulana ikiwemo. Hakuwa ananisikiliza. Alilowesha kidole, akagusa, akainua mbegu moja kwenye mwanga. Akavua miwani yake akanipa. "Angalia."

Nikaangalia. Ile kitu ambayo nilikuwa nimeiita mavi ya fukusi ina umbo kama figo. Na imechorwa. Imechorwa wavu kote, mistari na vyumba vidogo vidogo, kama nta ya nyuki, juu ya kitu ambacho ukipumua kinapotea. Nani alikuwa aone hiyo kazi? Haionekani! Na bado imemalizwa vizuri hivyo.

Nikazuia pumzi bila kuambiwa. Ndiyo, mimi.

"Hizi zinafika barabarani na kubaki," Mama Rose akasema. Halafu akavuta sweta yangu begani mwangu aipanguse, akageuza mkono wa sweta nje, akaisogeza karibu na macho: sufu bado ilikuwa imeshika lile vumbi la kijivu. "Ulirudi na boda?"

Nikasema ndiyo.

"Umevaa hii? Kutoka Amalemba mpaka hapa, na upepo huu?"

Nikasema ndiyo, baridi ilikuwa kali. Akaniangalia, akaangalia sweta, akacheka mpaka akashika magoti yake kwa mikono miwili.

Kwa hivyo, marafiki, mvua ikishika na muone ua jekundu limesimama kando ya barabara ya Navakholo mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda kitu, naomba msicheke na msiling'oe. Ni mimi nilipita hapo.