Kideraya na Gundi Kali

Jumanne, 11 Juni
Mambo yameharibika kabla ya chai. Nikiwa na mswaki mdomoni, mke wangu kanipa habari: baba yake anakuja Jumamosi kwenye ufunguzi pale makumbusho, kumwona mkwe wake "mkuu wa kitengo cha maelezo". Ole wangu! Ukuu huo nilijipa mwenyewe siku nilipokwenda kuomba mke. Ukweli ni kwamba kiti kiko wazi, na tunakigombea wawili: mimi na Miwani, yule wa meza ya dirishani.

Leo mkurugenzi kaleta armadilo, mnyama wa Amerika, mkavu, kajazwa pamba. Atakayempatia jina zuri la Kiswahili ndiye mkuu. Na asithubutu mtu kuandika kakakuona, kasema, huyo ni mwingine kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaandika. Nimelifuta kwa kiwiko.

Jumatano, 12 Juni
Nimesoma mpaka macho yanawasha. Kumbe kila mtu kambatiza kwa alichokiona! Wahispania waliona vita: mdogo mwenye deraya, lile vazi la chuma. Wajerumani waliona mikanda mgongoni: mnyama wa mikanda. Waazteki waliona kobe na sungura, wakamwita hivyo hivyo, kobe-sungura. Wareno hawakujisumbua, walichukua jina la wenyeji, tatu, ambalo kwao si hesabu. Mimi nimeshapata langu: Kideraya. Tamu! Nimelitamka mbele ya kioo cha chooni.

Ila Miwani si mjinga. Nikampelekea chai, nikamnong'oneza kirafiki kwamba mkurugenzi anapenda sana mikanda. Uongo mtupu! Mkurugenzi ana tumbo, suruali yake inashikwa na kamba za mabegani, na ukitaja mkanda ananuna. Miwani kanishukuru kwa dhati. Nusura nione haya.

Alhamisi, 13 Juni
Balaa! Mkurugenzi kaja na mkanda. Wa ngozi, mpya! Kumbe daktari kampa mazoezi, tumbo limepungua, na kila apitaye anaonyeshwa tundu jipya. "Mnyama-mikanda" wa Miwani kamchekesha mpaka kakohoa. Kideraya nalo zuri pia, kasema. Pia! Uamuzi ni Jumamosi.

Ijumaa, 14 Juni
Nimesoma kwamba akiogopa hujikunja akawa mpira. Vizuri. Akikaa hivyo, deraya tupu, nani atakumbuka mikanda? Wenzangu walipokwenda kula, nikamkunja. Kagoma. Nikaongeza nguvu. Kah! Mkia mkononi mwangu! Ndipo nikamalizia ukurasa: wanaojikunja ni wa jamii nyingine, huyu wetu hawezi. Jasho jembamba limenitoka. Nimenunua gundi kali.

Jumamosi, 15 Juni
Gundi kali haina mchezo. Mkia umemshika mnyama, na kiganja changu kimeushika mkia. Milango ikafunguliwa nimempakata kama mtoto mchanga. Wageni wakadhani ndiyo maonyesho yenyewe. Mama mmoja kauliza sisi wawili tunakula nini.

Miwani katangazwa mkuu. Baba mkwe akaingia na mke wangu makofi yakiisha. Kanitazama, kamtazama mnyama, kamgeukia Miwani na kumwuliza kama yeye ni mmoja wa vijana wa mkwe wake. Mke wangu akainamisha uso. Miwani kavua miwani yake, kaifuta polepole, kajibu kwamba ndiyo, mzee, na mkuu wetu huyu kazi huishika kwa mkono wake mwenyewe. Baba mkwe kacheka kwa fahari, kanipiga bega, kaniita mwanangu. Hajawahi kuniita hivyo. Machozi yamenitoka.

Baadaye Miwani kaleta maji ya moto na sabuni, kaniloweka kiganja taratibu mpaka kikabanduka.

Jumapili, 16 Juni
Nimewaza tangu asubuhi. Mtu hawezi kuwa mwema hivi hivi. Miwani anataka nini kwangu? Na baba mkwe karidhika mno, kaahidi kurudi wiki ijayo kuiona ofisi ya mkuu! Ofisi hiyo ni ya Miwani, na jina lake liko mlangoni. Nimeshachonga kibao changu, kipana kuliko chake. Kesho nitawahi kabla hajafika.

Gundi imebaki nusu chupa.